Jaji Leonard Sand, Yonkers na kesi ya mabomu ya Agosti 7

Tarehe 18 Oktoba 2001, kwenye mahakama ya Foley Square mjini New York, Jaji Leonard B. Sand aliwafunga wanaume wanne maisha, bila nafasi ya kuachiwa, kwa mabomu yaliyolipuliwa kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998. Watu 224 waliuawa siku ile, 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na walio wengi walikuwa Waafrika waliokuwa kazini au wakipita njia tu. Siku ya adhabu, kifusi cha minara ya World Trade Center kilikuwa bado kinafuka moshi, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka mahakamani. Serikali ilikuwa imeomba wawili kati ya wanne hao wauawe. Jaji hakutoa adhabu hiyo, na hata kama angeitaka asingeweza kuitoa.

Kwa nini asiweze? Jibu limo ndani ya kazi yenyewe, yaani kazi ya jaji wa shirikisho anayesikiliza kesi kwa mara ya kwanza. Maisha ya Sand yanaionyesha kazi hiyo pande zake nyingi, kwa hiyo nitamfuata yeye.

Tuanze na jina, maana linapotosha. Kortini kwake panaitwa mahakama ya wilaya. Mtanzania akisikia hivyo anamwona hakimu wa wilaya, mwenye mipaka ya adhabu anayoweza kutoa. Huko Marekani wilaya ni eneo la kimahakama. Zipo 94, nyingine zinabeba jimbo zima, na jaji wake analingana zaidi na jaji wa Mahakama Kuu yetu. Kwake huja kesi za ugaidi, uhaini, dawa za kulevya zinazovuka mipaka, hataza za uvumbuzi, ubaguzi, madai dhidi ya serikali kuu, na madai kati ya watu wa majimbo tofauti yanayozidi dola 75,000. Talaka, mirathi na sehemu kubwa ya kesi za mauaji hubaki kwenye mahakama za majimbo. Juu yake kuna Mahakama ya Rufani ya kanda, na juu kabisa Mahakama ya Juu yenye majaji tisa. Lakini yeye peke yake katika ngazi hizo ndiye anayemwona shahidi akijikuna shingo kabla ya kujibu. Wa juu husoma makaratasi.

Sand alizaliwa New York mwaka 1928 na akamaliza sheria Harvard mwaka 1951. Kisha akawa mwanasheria msaidizi wa Jaji Irving Kaufman. Nafasi hiyo isichanganywe na ukarani wa masjala. Ni kijana aliyefuzu vizuri sana, anayekaa na jaji mwaka mmoja au miwili akimtafutia sheria, kumwandikia rasimu na kubishana naye mlango ukiwa umefungwa. Kaufman ndiye aliyewahukumu kifo Julius na Ethel Rosenberg mwaka 1951 katika kesi ya ujasusi wa siri za bomu la atomiki. Wakati ule, juri, yaani raia wanaoamua kama mtu ana hatia, ikishasema anayo, uamuzi wa kifo kwa kosa kama hilo ulikuwa wa jaji mwenyewe. Hilo likumbukwe, tutalirudia.

Baadaye Sand alikuwa mwendesha mashtaka katika wilaya hiyohiyo ya kusini mwa New York, kisha akaenda Washington kwenye ofisi inayoitetea serikali mbele ya Mahakama ya Juu, na kuanzia 1959 akawa wakili binafsi kwa karibu miaka 20. Mwaka 1964 alisimama mbele ya Mahakama ya Juu katika kesi ya WMCA dhidi ya Lomenzo, iliyohusu mgawanyo wa viti vya bunge la jimbo la New York, na upande wake ukashinda. Rais Jimmy Carter alimteua kuwa jaji mwaka 1978.

Hakuna mtihani wa kuwa jaji wa shirikisho, wala chuo cha majaji. Katiba haitaji umri wala haidai hata shahada ya sheria. Kuna mchujo wa kisiasa na kiusalama. Jina huanzia kwa maseneta wa jimbo husika au kwa washauri wa rais. Mteule hujaza madodoso marefu akitaja kesi alizosimamia, maandishi na hotuba zake, na mali yake. FBI humchunguza. Kamati ya Sheria ya Seneti huwapelekea maseneta wa jimbo lake karatasi ya buluu ya kutoa maoni, na kwa desturi asiporudisha seneta mmoja jina linaweza kukwama hapohapo. Kisha huja mahojiano ya hadhara, kura ya kamati, na kura ya Seneti nzima kwa wingi wa kawaida. Rais hutia saini hati ya uteuzi, na jaji huapa mara mbili: kuilinda Katiba, na kutoa haki bila kuangalia sura ya mtu, maskini na tajiri sawasawa.

Panapokwama zaidi ni katikati, kati ya kutajwa na kupigiwa kura. Miezi hupita, na wakili mwenye ofisi yake hawezi kupokea wateja wapya kwa moyo mkunjufu wala kuwafukuza wa zamani. Halafu kuna suala la hisa. Sheria inamtaka jaji ajitoe kwenye kesi ya kampuni akiwa na hisa yake hata moja, iwe yake, ya mwenzi wake au ya mtoto mdogo anayeishi naye. Wengi huuza hisa zote kabla ya kuapa. Wasiofanya hivyo hujikuta baada ya miaka wamesikiliza kesi waliyopaswa kuikwepa, na hapo uamuzi mzuri kabisa huingia doa.

Akishaapa, hana muda wa mwisho. Anakaa maadamu mwenendo wake ni mwema, na mshahara wake haupunguzwi akiwa madarakani. Kumwondoa kunahitaji Bunge la Wawakilishi limshtaki na theluthi mbili za Seneti zimtie hatiani. Katika historia yote ya Marekani majaji wa shirikisho walioshtakiwa hivyo ni 15, na walioondolewa ni wanane. Anayetoka kwenye nchi ambako jaji huweza kuhamishwa kituo baada ya hukumu isiyopendeza ataona mara moja thamani ya sharti hilo. Uhuru wa mahakama unaohubiriwa kwenye semina huko umefungwa kwenye vitu viwili vya kushikika, kiti na mshahara.

Kazi ya kila siku haina mbwembwe. Kesi huangukia jaji kwa bahati nasibu ili mtu asimchague anayemtaka. Kwenye madai, jaji hupanga ratiba: mwisho wa kubadilishana nyaraka, wa kuwahoji mashahidi nje ya mahakama, wa kuleta maombi. Ombi linaloua kesi nyingi ni lile la kuomba hukumu bila kusikiliza mashahidi, kwa hoja kwamba hakuna jambo la kweli linalobishaniwa. Jaji anasaidiwa na wanasheria wawili au watatu, karani wa chumba cha mahakama na mpiga chapa wa kumbukumbu. Kosa la kawaida la jaji mpya ni kulaza maombi. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba, huhesabiwa maombi yaliyolala zaidi ya miezi sita, na orodha huchapishwa yakiwa na jina la jaji mwenyewe. Hakuna adhabu nyingine zaidi ya kusomwa na wenzako, na inatosha kuwafanya watu wafanye kazi usiku wiki ya mwisho ya Septemba.

Kwenye jinai saa inakwenda kasi zaidi. Kwa sheria ya 1974, hati ya mashtaka itoke ndani ya siku 30 tangu kukamatwa, na kesi ianze kusikilizwa ndani ya siku 70 tangu hati itolewe au mshtakiwa afikishwe kortini, lile la baadaye, ukiondoa siku ambazo sheria inaruhusu zisihesabiwe. Sehemu kubwa mno ya washtakiwa hukiri kosa kabla ya juri kuchaguliwa. Hapo jaji anapaswa kumuuliza mshtakiwa moja kwa moja: umeelewa haki unazoziacha, kuna aliyekuahidi kitu, kuna aliyekutisha, na nini hasa ulichofanya? Jaji mvivu huyapitia haraka maswali hayo, na baada ya miaka mitatu jalada humrudia.

Kesi ya Yonkers ilimpata Sand akiwa bado mgeni kwenye kiti. Yonkers ni mji unaopakana na Bronx. Mwaka 1980 Wizara ya Sheria ya Marekani iliushtaki kwa kuwatenga weusi kwenye nyumba na shule. Kwa miongo kadhaa mji ulikuwa umejenga karibu nyumba zote za umma upande mmoja, kusini-magharibi. Novemba 1985 Sand alitoa uamuzi wa kurasa zaidi ya 600. Wapo waliocheka urefu wake. Mimi naona ulikuwa ngao. Jaji wa ngazi ya kwanza ndiye mwenye neno la kwanza kuhusu ukweli wa mambo, na mahakama ya rufani haiwezi kuutengua ukweli huo isipokuwa umekosewa waziwazi. Kila kiwanja, kila kikao cha madiwani, kila kura iliyobadilishwa baada ya wakazi kupiga kelele, alikiandika kikiwa na ushahidi wake. Rufaa ilishindwa.

Kutii ndiko kulikokuwa kugumu. Januari 1988 mji ulikubali kwa maandishi kujenga nyumba 200 za umma kwenye mitaa ya weupe na kupanga nyingine za bei nafuu. Agosti 1 baraza la madiwani saba likapiga kura nne kwa tatu kukataa azimio la kupitisha sheria ndogo ya kutekeleza makubaliano yake lenyewe. Sand akatangaza kwamba mji na madiwani wanne wameidharau mahakama. Kila diwani angelipa dola 500 kwa siku, na baadaye jela. Mji ungelipa dola 100 siku ya kwanza, na kiasi kingezidishwa mara mbili kila siku.

Fanya hesabu. Siku ya nane ni dola 12,800. Siku ya 14 ni 819,200. Siku ya 15 imevuka milioni moja na nusu, kwa siku moja. Mahakama ya rufani ikaweka kikomo cha dola milioni moja kwa siku. Uzuri wa faini ya namna hiyo ni kwamba mwanzoni haimuumizi mtu, inampa nafasi ya kutii bila aibu, na mwisho wake unajulikana na kila mwenye penseli. Septemba, mji ukiwa ukingoni mwa kupunguza mamia ya wafanyakazi, baraza likakubali.

Hata hivyo Sand alikosolewa sehemu moja. Januari 1990, kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ya Juu ilisema alipaswa kuutoza mji kwanza na kungoja aone kama inatosha, kabla ya kuwagusa madiwani mmojammoja. Naona lawama hiyo ilikuwa ya haki. Mwenye nguvu ya kumfunga mtu kwa kura aliyopiga barazani aanze na fimbo ndogo. Kesi ilifungwa kwa makubaliano mwaka 2007, miaka 27 tangu ifunguliwe.

Mwaka 1993 Sand alitimiza miaka 65 ya umri na 15 ya utumishi. Jumla ni 80, na kwa hesabu hiyo jaji anaweza kuwa mwandamizi: analipwa kama kawaida, anachagua kiasi cha kazi, na kiti chake kinajazwa na mwingine. Wengi huendelea kusikiliza kesi. Naye alikuwa mwandamizi mwenye umri wa miaka 72 kesi ya mabomu ilipoanza, Januari 2001, kwa kuchagua juri.

Msomaji wa kwetu asifananishe juri na wazee wa baraza. Wazee walikuwa wanamshauri jaji, naye hakufungwa na maoni yao. Juri ya jinai ni raia 12 ambao lazima wakubaliane wote, na jaji hawezi kuwaambia mtu huyu ana hatia. Mamlaka yake yako kwenye kile wanachoruhusiwa kusikia na sheria anayowasomea. Kwenye hilo la pili Sand alikuwa mtaalamu: alikuwa kinara wa waandishi wa mkusanyiko wa maelekezo kwa juri unaotumiwa na majaji wa shirikisho kila mahali. Katika kesi ya kifo kila upande una nafasi 20 za kumkataa mjumbe bila kutoa sababu. Anayesema hawezi kamwe kutoa adhabu ya kifo huondolewa, na anayesema muuaji lazima auawe kila mara huondolewa pia. Majina ya wajumbe yalifichwa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa imefanyika kabla ya hapo. Nyumba ya jijini Nairobi ya Wadih el-Hage, raia wa Marekani na mmoja wa washtakiwa wanne, ilikuwa imepekuliwa mwaka 1997 bila hati ya jaji wa Marekani. Sand aliamua kwamba upekuzi wa kijasusi ng'ambo dhidi ya wakala wa kundi la kigeni hauhitaji hati hiyo. Halafu kulikuwa na maelezo ya mshtakiwa mwingine, Mohamed al-'Owhali, aliyehojiwa na maofisa wa FBI Nairobi Agosti 1998. Fomu ya onyo aliyosomewa ilisema kwamba kama wangekuwa Marekani angekuwa na haki ya wakili, ila kwa kuwa hawako Marekani hawawezi kumhakikishia. Sand alisema jambo ambalo halikuwa limesemwa wazi hivyo: mgeni akihojiwa na maofisa wa Marekani nje ya nchi yao, na maneno yake yakaja kutumika New York, haki ya kutojishtaki mwenyewe inamlinda, maana inavunjwa pale mahakamani maneno yanaposomwa. Fomu aliiona ina kasoro. Baada ya kusikiliza ushahidi zaidi aliyapokea maelezo yaliyotolewa baada ya al-'Owhali kuelezwa haki zake vizuri kwa mdomo. Mwaka 2008 mahakama ya rufani iliona hata fomu ile ilitosha, na hukumu ikabaki.

Kesi ya aina hii huleta mashahidi wa Kiswahili, na kuna jambo hapa ambalo nataka kila mkalimani wetu alishike. Mitihani ya kitaifa ya kuwathibitisha wakalimani wa mahakama za shirikisho ilitungwa kwa lugha chache tu, Kihispania kikiwa cha kwanza. Kiswahili hakimo. Jaji ndiye anayeamua kama mkalimani anafaa, na mkalimani huapa kama shahidi. Kinachoingia kwenye kumbukumbu ni Kiingereza cha mkalimani, wala si Kiswahili cha shahidi. Shahidi akisema mlipuko ulitokea saa nne na nusu, na mkalimani akasahau kuongeza saa sita, juri imesikia saa kumi na nusu, alfajiri au jioni. Wakili akiuliza, "Hukumwona?" na shahidi akajibu "Ndiyo", kwetu amesema hakumwona, kwa Kiingereza amesema alimwona. "Alikuja na ndugu yake": ni mwanamume au mwanamke aliyekuja, na huyo ndugu ni wa tumbo moja, binamu, au mtu wa kijiji kimoja? Kiingereza kinalazimisha kuchagua. Mkalimani mzuri hachagui. Anamwomba jaji ruhusa ya kumuuliza shahidi afafanue, na jaji mzuri humpa nafasi hiyo bila kumharakisha.

Mshtakiwa Khalfan Khamis Mohamed, Mtanzania kutoka Zanzibar, alikamatwa Cape Town Oktoba 1999 na kukabidhiwa FBI kwa haraka. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema kumtoa bila ahadi kwamba hatauawa kulivunja katiba yao, na ikaagiza hukumu yake ipelekwe upesi kwenye mahakama ya New York. Kesho yake, Mei 29, juri ya Sand iliwatia hatiani washtakiwa wote wanne, kwenye mashtaka 302.

Ndipo ikaja hatua ya adhabu kwa wawili ambao serikali ilitaka wauawe, al-'Owhali na Mohamed. Tangu enzi za Kaufman sheria ilikuwa imegeuka. Kwa sheria ya 1994 juri ikubaliane wote 12, na asipokubali mmoja jaji hana ruhusa ya kuua. Juni 12 walishindwa kukubaliana juu ya al-'Owhali; wajumbe 10 waliandika kwenye fomu kwamba kumuua kungemfanya aonekane amekufa shahidi. Julai 10 walishindwa juu ya Mohamed. Kilichobaki kwa jaji kilikuwa kifungo cha maisha, pamoja na fidia ya dola milioni 33, ambayo sheria inamlazimu kuiagiza kwa ukamilifu hata kama mfungwa hana senti.

Kesi ya Mzanzibari mwingine aliyeshtakiwa kwa mabomu hayo, Ahmed Khalfan Ghailani, ilisikilizwa na Jaji Lewis Kaplan wa wilaya hiyohiyo mwaka 2010. Kaplan alimkataa shahidi muhimu kutoka Tanzania kwa sababu jina lake lilipatikana katika mahojiano ya CIA ya kumshurutisha Ghailani. Juri ilimtia hatiani kwa shtaka moja kati ya zaidi ya 280. Januari 2011 Kaplan alimfunga maisha kwa hilo moja. Wengi walikasirishwa na uamuzi wa kumzuia shahidi, lakini hukumu ilisimama rufaa ilipokuja.

Kwa el-Hage mambo hayakuisha 2001. Adhabu za shirikisho hupimwa kwa jedwali la ngazi 43 za kosa na safu sita za rekodi ya mtu, na Sand alilitumia kama amri, kwa kuwa wakati ule lilikuwa amri. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu iligeuza jedwali kuwa ushauri. Kwa hiyo mwaka 2008 mahakama ya rufani ilirudisha adhabu yake ipangwe upya. Jalada liliangukia mikononi mwa Kaplan, ambaye hakuwa ameisikiliza kesi ile. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu alizoacha Sand. Mwaka 2013 alizitumia, akatoa kifungo cha maisha tena. Sand alifariki Desemba 2016, akiwa na umri wa miaka 88.